Mavazi ya jioni rasmi melini: tuingie ukumbini na nguo gani?

Safari za starehe kwa meli, ambazo wengi wetu tulizijua kwa kuwatazama wageni wakishuka bandarini Mombasa na Unguja, sasa zinafanywa na jamaa zetu pia, hasa wale walio na watoto ughaibuni. Barua zinazofika katika ukurasa huu zinaonyesha kwamba hofu kubwa ya wasafiri hawa wapya haihusu bahari wala mawimbi. Inahusu zile jioni chache ambazo abiria hutakiwa kuingia katika chumba cha chakula wakiwa na mavazi rasmi. Toleo hili nimelitenga kwa ajili ya barua nne zinazohusu jambo hilo peke yake.

SWALI: Asalaam aleikum, ndugu mshauri. Mimi na mzee wangu tumetimiza miaka 40 ya ndoa, na mwanetu anayeishi Uingereza ametukatia tiketi ya kusafiri naye kwa Queen Mary 2 kutoka Southampton hadi New York. Tulifurahi sana, lakini furaha imeingia doa kwa sababu ya nguo. Mwanetu anasema kuna jioni ambazo wanaume huvaa suti nyeusi na tai ya kipepeo, na ameshaulizia bei ya kumkodishia baba yake. Mzee wangu ana miaka 71, na tangu alipostaafu ualimu hajavaa suti. Yeye ni mtu wa kanzu, kofia na koti. Mimi mwenyewe ni mtu wa kujistiri. Mzee amesema kwamba kama ni lazima avae nguo asizozizoea, basi ni bora abaki nyumbani. Je, ni lazima kweli? (Mama wa Ngamiani, Tanga)

JIBU: Wa aleikum salaam, mama, na shikamoo. Tafadhali mfikishie mzee shikamoo yangu pamoja na habari hii kabla hajaamua kubaki: kanzu yake inaingia katika ukumbi wa chakula wa Queen Mary 2 kwa haki kamili. Cunard, kampuni yenye meli hiyo, ni miongoni mwa kampuni chache ambazo bado zinashika desturi ya mavazi rasmi kwa dhati, lakini mwongozo wake kwa abiria unasema wazi kwamba katika jioni za sherehe, ambazo wao huziita jioni za Gala, mwanamume anaweza kuvaa suti ya jioni yenye tai ya kipepeo, au suti ya rangi ya kiza pamoja na tai ya kawaida, au vazi rasmi la taifa lake, au sare yake kama ni mwanajeshi. Waskoti huvaa kilti zao na Wahindi sherwani zao. Mswahili ana kanzu, na sioni sababu ya kuiacha kabatini kwa safari ambayo imeandaliwa kumheshimu aliyeivaa.

Tena mzee hatakuwa wa kwanza kufika New York kwa bahari akiwa amevaa kwa heshima ya kwao. Tarehe 30 Aprili 1840 merikebu iliyoitwa Sultana, iliyotumwa na Sayyid Said kutoka Zanzibar, iliingia katika bandari ya mji huo ikiwa na mjumbe wake Ahmad bin Na'aman. Alipokuwa huko mchoraji Edward Mooney alimchora, na katika picha hiyo anaonekana na kilemba na joho lake, akiwa ametulia kama mtu aliye barazani kwake. Zaidi ya miaka 180 imepita, na bado picha hiyo ni jibu zuri kwa kijana yeyote anayedhani kwamba baba yake hawezi kukaa meza moja na watu wa Magharibi mpaka avishwe kama wao.

Ningependa mwanao ajue pia asili ya hiyo suti anayotaka kuikodi. Mwaka 1865 washonaji wa Henry Poole, wa mtaa wa Savile Row mjini London, walimshonea Edward, mrithi wa Malkia Victoria, koti fupi la kuvaa wakati wa chakula cha jioni katika makazi yake ya Sandringham, kwa kuwa alitaka kupumzika kutokana na koti refu lenye mikia ambalo ndilo lililokuwa vazi rasmi la wakati huo. Wamarekani wakaja kuliita koti la namna hiyo tuksedo, kwa jina la Tuxedo Park, mtaa wa matajiri ulio karibu na New York ambako lilianza kuvaliwa mwaka 1886. Kwa maneno mengine, vazi ambalo leo linaogopwa kwa ukali wake lilianza kama nguo ya raha ya mtu aliyekuwa nyumbani kwake. Simlaumu mwanao, amesoma maneno ya tiketi, akaogopa wazazi wake wasije wakaaibika mlangoni, na hofu hiyo ni ya mapenzi.

Hata hivyo, mama, neno la kuangaliwa katika mwongozo ule ni «rasmi». Kanzu ya kushindia nyumbani na kanzu ya kuendea nikahi ni nguo mbili tofauti, na hilo sihitaji kukufundisha wewe. Kwa jioni za Gala mzee achukue kanzu nyeupe au ya rangi ya maziwa, yenye darizi shingoni, ya kitambaa kizito kiasi cha kutoonyesha mwili chini ya taa kali, na ndani yake avae suruali nyepesi nyeupe na fulana. Juu yake avae koti jeusi au la buluu ya kiza lililokaa vizuri mabegani. Kama analo joho alilolivaa siku ya kuwaoza watoto, alitumie katika mojawapo ya jioni hizo. Kofia iwe ya kiua, iliyofuliwa, ikatiwa wanga na kukaushwa juu ya kitu cha mviringo ili isilegee, na aibebe katika kasha gumu ndani ya begi la mkononi, maana kofia iliyobonyea haitengenezeki tena safarini. Asiwe na wasiwasi wa kutakiwa kuivua. Kofia zinazokatazwa mezani ni zile za michezo zenye kikingajua. Miguuni ningemshauri viatu vyeusi vya ngozi vilivyofunika vidole. Makubadhi ni ya heshima kwetu, lakini mhudumu wa mlangoni ambaye hajawahi kuyaona anaweza kuyahesabu kuwa ndara, na sitaki mzee aanze chakula chake kwa majadiliano kuhusu viatu.

Kwako wewe mambo ni mepesi zaidi. Mwongozo unawataka wanawake wavae gauni la jioni, au suti nadhifu, au vipande rasmi vinavyoshabihiana, na hakuna popote panapodai mabega wazi au shingo wazi. Abaya nyeusi ya kitambaa kizuri, yenye darizi au ushanga kwenye mikono, pamoja na mtandio wa hariri, ni vazi la jioni kwa kipimo chochote cha dunia. Chukua mbili, au moja yenye mitandio miwili ya rangi tofauti. Kuna jambo moja linalonifurahisha sana katika habari yenu: baadhi ya jioni za Gala katika meli za Cunard huwa na rangi zake, na mojawapo inayojulikana ni ya Nyeusi na Nyeupe. Abiria wengine hununua nguo mpya kwa ajili yake. Ninyi wawili mkiingia, mzee na kanzu yake nyeupe na wewe na abaya yako nyeusi, mtakuwa mmeshafuata rangi za jioni hiyo bila kutumia shilingi. Zipo pia jioni za barakoa na za nyekundu na dhahabu. Kufuata rangi ni hiari, kwa hiyo msijisumbue nazo.

Safari hiyo kwa kawaida huchukua usiku 7, na jioni za Gala huwa mbili. Mwanao athibitishe idadi na rangi kwa tarehe zenu. Jioni zilizobaki, kuanzia saa kumi na mbili, hutakiwa unadhifu wa kawaida tu, na kanzu safi bila koti inatosha kabisa. Ikitokea kwamba siku ya Gala mmechoka au bahari imechafuka, hamtalala njaa: Kings Court, ambako mtu hujipakulia mwenyewe, na baa ya Golden Lion, huwapokea waliobaki na nguo za kawaida. Ndani ya meli viyoyozi hupuliza sana na nje kuna upepo wa Atlantiki ya Kaskazini, basi beba shali nzito ambayo utaona fahari kuivaa mezani, siyo sweta la kujifunikia usoni pa watu kwa haya.

Tahadhari ya mwisho inatokana na yaliyonipata. Mabegi makubwa huchukuliwa bandarini na kuletwa chumbani baadaye, na katika safari yangu ya kwanza begi langu lilifika watu wakiwa wameshamaliza chakula, nikaenda mezani na nguo niliyosafiria mchana kutwa. Jioni ya kwanza kwa kawaida haiwi rasmi kwa sababu hiyohiyo, lakini tangu siku hiyo nguo moja nzuri, dawa na hati zangu hazitoki mkononi mwangu.

SWALI: Dada mpendwa, mimi ni muuguzi hapa Nairobi na nitaolewa mwezi wa Disemba. Kwa fungate tumelipia safari ya usiku 4 ya meli ya MSC kutoka Durban. Pesa nyingi imeenda kwenye harusi na sina uwezo wa kununua gauni la jioni la dukani. Nina vitenge vizuri nilivyopewa na shangazi zangu. Je, gauni la kitenge linaweza kuvaliwa katika jioni ya Gala, au litaonekana la kijijini? Na mchumba wangu ana Kaunda suti mbili nzuri ambazo anataka kuzivaa, ila rafiki zake wanamwambia kwamba hata bungeni zimekatazwa. Mwisho, nivae viatu vya mchuchumio? (Bi Harusi Mtarajiwa, Nairobi)

JIBU: Hongera, mdogo wangu. Hilo neno «la kijijini» ningependa uliondoe katika barua yako ijayo. Kitenge kinachosukwa na kupigwa rangi vizuri, kikakatwa na fundi anayejua mwili wako, kinakaa kuliko magauni mengi ya dukani yaliyoshonwa kwa vipimo vya mtu asiyekuwapo. Kinachofanya kitenge kionekane cha sokoni ni mshono. Nenda kwa fundi angalau wiki 6 kabla ya safari, na mwombe mambo haya: gauni liwe refu hadi kifundoni, liwe na bitana ya satini yote ndani ili lidondoke vizuri unapokuwa umesimama, zipu iwe ile iliyofichwa, na maua ya kitambaa yakutane sawasawa kwenye mshono wa katikati, mbele na nyuma. Hilo la mwisho ndilo linalotenganisha fundi na fundi. Usimruhusu akuwekee mikono mikubwa ya puto inayogusa sahani ya jirani. Meza za melini ni za watu wengi na viti vimekaribiana. Chagua kitenge chenye rangi mbili au tatu tu, ikiwezekana cha kiza chenye ua kubwa, halafu vito viwe vichache. Ukivaa ushanga mpana wa shingoni, hereni ziwe ndogo.

Kitu ambacho singekipeleka ukumbini ni kanga iliyofungwa tu. Kanga ina mahali pake na ujumbe wake, nami naipenda, lakini katika jioni rasmi ifanye kazi ya shali mabegani, au ishonwe kuwa gauni kamili na maandishi yawekwe kwenye pindo pale yanaposomeka. Uangalie na maneno yenyewe, maana huwezi kujua ni nani atakayekaa meza ya pili.

Safari fupi za usiku 3 au 4 kwa kawaida huwa na jioni moja tu rasmi, hivyo gauni moja linatosha. Meli hizo za Durban huelekea sehemu za mapumziko za pwani ya Msumbiji, kama vile Pomene, na siku zinazobaki zitakuwa za ufuoni na za nguo nyepesi. Usijaze begi. Waweza kubeba pia nguo moja nyeupe, kwa kuwa meli nyingi za kampuni hiyo huwa na usiku ambao watu huvaa nyeupe.

Kuhusu Kaunda suti, rafiki za mchumba wako wamesikia jambo la kweli lakini wamelipeleka mbali. Mwezi wa Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, alizuia vazi hilo ndani ya Bunge na maeneo yake, wakati ambapo lilikuwa limepata umaarufu mpya kwa kuvaliwa na Rais William Ruto. Kanuni hiyo ni ya Bunge na inakomea Bunge. Katika meli ya mtindo wa MSC, ambako mwanamume hatakiwi kuwa na tuksedo na koti nadhifu linatosha, naona Kaunda suti ya mikono mirefu, ya rangi ya kiza, iliyopigwa pasi ikasimama, inafaa kwa jioni ya Gala. Ile ya mikono mifupi aivae jioni za kawaida. Ingekuwa meli kali zaidi, kama ya mama wa Tanga hapo juu, ningemwambia aweke suti na tai begini kwa usalama, kwa sababu mgeni anaweza asitambue kwamba Kaunda suti ni vazi letu rasmi na akaiona kama nguo ya kazi.

Mchuchumio, mdogo wangu, uuache nyumbani siku hiyo. Meli inayotembea hutikisika hata bahari ikiwa shwari, ngazi zake huwa ndefu, na sitaha baada ya jua kuzama huwa na unyevu wa chumvi unaoteleza. Wewe ni muuguzi na unajua kifundo kilichoteguka kinachukua muda gani kupona. Vaa kisigino kipana kisichozidi vidole vitatu kwa urefu, au viatu bapa vyenye shanga juu, ambavyo mafundi wa kwetu huvitengeneza vizuri ajabu. Mwambie fundi wa nguo kuhusu viatu hivyo mapema, na uende navyo siku ya kujaribisha, ili pindo lisikokotwe sakafuni.

SWALI: Asalaam aleikum. Familia yetu inaishi Muscat, na asili ya wazee wangu ni Unguja. Tunakusudia kuwachukua wazazi katika safari ya meli ya wiki moja katika Bahari ya Kati, kuanzia Barcelona. Baba anataka kuvaa vazi kamili la Kiomani katika jioni rasmi: dishdasha, kilemba, bishti na jambia yake ya fedha aliyorithi kwa babu. Mama naye hawezi kuvaa nguo ya kutokea bila kuifukiza udi. Kuna tatizo lolote? (Msomaji wa Ruwi)

JIBU: Wa aleikum salaam. Vazi halina tatizo, na nina hakika baba yako atakuwa miongoni mwa wanaume waliovaa vizuri zaidi ukumbini. Tatizo lipo katika jambia na katika moto.

Mizigo yote inayoingia melini hupitishwa kwenye mashine za ukaguzi kama uwanja wa ndege, na abiria hukaguliwa tena kila wanaporudi kutoka bandari za njiani. Kampuni nyingi zinakataza visu ambavyo urefu wa makali yake unazidi inchi 4, na afisa wa ulinzi hatazami kama kisu ni cha urembo au cha urithi. Matokeo mazuri zaidi ni kwamba jambia itazuiliwa na kurudishwa mwisho wa safari. Mabaya zaidi ni kwamba itachukuliwa moja kwa moja. Kitu kilichotoka kwa babu hakifai kuingizwa katika bahati nasibu ya namna hiyo, na nakusihi ukae na baba yako umweleze haya mapema, kwa upole, nyumbani, kabla hajatajiwa na kijana asiyemjua mbele ya foleni ya watu. Vazi halitapungua heshima. Bishti nyeusi au ya rangi ya ngamia yenye ukingo wa dhahabu, juu ya dishdasha nyeupe na kilemba kilichofungwa vizuri, hujaza nafasi ya jambia, na vidole vyake vikishika pindo la bishti hakuna atakayeona kwamba kuna kilichokosekana. Kifunge kilemba kikiwa kimekazwa kuliko kawaida kwa sababu ya upepo wa sitahani.

Udi ni habari ileile ya usalama. Moto ndicho kitu kinachoogopwa kuliko vyote melini. Mishumaa, ubani na kila kitu kinachotoa moshi haviruhusiwi vyumbani, na vyetezo vya umeme huhesabiwa pamoja na vifaa vingine vya joto vilivyokatazwa. Kila chumba kina kifaa kinachonusa moshi. Kwa hiyo mama azifukize nguo zake zote nyumbani siku moja kabla ya kuondoka, azikunje zikiwa bado na joto la moshi, azifunge ndani ya kitambaa cha pamba na kuziweka katika mfuko uliofungwa. Zitafika Barcelona zikiwa na harufu yake, na zitaihifadhi hadi jioni rasmi, ambayo mara nyingi huwa siku ya kwanza ya kushinda baharini. Abebe pia kichupa kidogo cha mafuta ya udi kwa kupaka nyuma ya masikio. Apake kidogo tu, kwani ukumbi umefungwa na mtu wa kiti cha jirani huenda hajawahi kunusa udi maishani mwake. Anukie wakati wa kusalimiana, na chakula kiachwe kinukie chenyewe.

Hapohapo niwakumbushe wote kuhusu pasi. Pasi na mashine za mvuke za kunyooshea nguo hukatazwa vyumbani na kampuni nyingi, na zikionekana kwenye ukaguzi huzuiliwa. Baadhi ya meli, zikiwamo za Cunard, zina vyumba vya kufulia vyenye pasi ambavyo abiria huvitumia bila malipo. Nyingine hazina kabisa, na mtu hulazimika kulipia huduma ya kupigiwa pasi. Uliza kabla. Kama hakuna, viringisha kanzu na magauni badala ya kuyakunja, yatundike mara tu begi linapofika, na uyaache bafuni mlango umefungwa huku maji ya moto yakitiririka kwa dakika chache. Mikunjo mingi hulainika.

SWALI: Ndugu mshauri, tunaishi Minneapolis, mimi, mke wangu na watoto watatu, mkubwa ana miaka 14. Tumepata nafasi ya bei nafuu ya wiki moja katika visiwa vya Karibi kupitia kampuni ya Carnival. Kununua mavazi rasmi ya watu watano kutagharimu karibu sawa na tiketi ya mmoja wetu. Tunaweza kuzikwepa kabisa hizo jioni? (Baba Watatu)

JIBU: Mnaweza. Sehemu ya kujipakulia huwa wazi kwa waliovaa kawaida, na hakuna anayehesabu nani hakutokea ukumbini. Tena kampuni mliyochagua siyo kali. Kwa safari ya siku 6 au zaidi huwa na jioni mbili za mavazi mazuri, na kinachotakiwa kwa mwanamume ni suruali ya heshima na shati lenye ukosi, huku koti likiwa jambo la kupendeza tu. Yanayokatazwa ni kaptula, jinzi zilizochanika, fulana zisizo na mikono, kofia za michezo na ndara. Kampuni ya Norwegian imekwenda mbali zaidi, kwani tangu mwaka 2000 imeacha kabisa kuwadai abiria mavazi rasmi.

Lakini, ndugu yangu, kabla hujaamua kuzikwepa, fungua kabati. Watoto wako wana nguo za Idi au za Krismasi, au walizovaa katika harusi ya mwaka jana. Mke wako hakosi gauni la kitenge au dirac, lile gauni la Kisomali. Wewe una shati jeupe. Hizo ndizo nguo za jioni hizo, na zimeshalipiwa. Nasema hivi kwa sababu nimeona familia zikibaki sehemu ya kujipakulia, watoto wakiwachungulia wenzao wakishuka ngazi wamependeza, wakati nguo zao nzuri zimeachwa nyumbani kwa kudhaniwa hazitoshi. Nyie mnaoishi mbali na nyumbani mna nafasi chache za kukaa meza moja watu watano bila mtu kuangalia saa ya kazi, huku mkihudumiwa na chakula kikija sahani baada ya sahani. Huyo wa miaka 14 asipopenda koti usimlazimishe. Mwache achague shati lake mwenyewe, mradi lina ukosi na limepigwa pasi.

Wapiga picha wa meli husimama ngazini jioni hizo, na picha zao huuzwa ghali. Kupigwa hakukulazimishi kununua. Fikeni robo saa kabla ya chakula, mumwombe abiria mwenzenu awapige kwa simu yenu, kwani taa za hapo ni nzuri kwa kila mtu.

Jioni ya mwisho haitakuwa rasmi, kwa kuwa mabegi makubwa hutakiwa kuwekwa nje ya mlango usiku ili yateremshwe bandarini asubuhi. Kabla hamjayafunga, mtengee kila mtoto nguo kamili ya kushukia, viatu vikiwamo, na uihesabu mwenyewe kitandani kabla begi la mwisho halijatoka.